Maji ya Karai

Maji yanayochemka ndani ya chuma yana harufu yake. Si harufu ya chai inayochemka kwenye sufuria, wala si ya mvuke wa ugali. Ni harufu ya kutu iliyopata moto, ya mpira ulioanza kulainika, na nyuma yake kitu kitamu kidogo, kama rangi mpya iliyoachwa juani. Niliinusa kwa mara ya kwanza kwenye ua wa nyumba yetu, upande wa Nyamarambe, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, siku pikapu ya baba yangu ilipoingia langoni ikifuka mvuke na kuzimika kabla ya kufika kwenye kibanda cha kazi. Kuku walitawanyika. Dereva alishuka, akafungua boneti kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua tatu. Hadi leo gari likisimama mbele yangu na harufu hiyo, huitambua kabla sijagusa kitu chochote.

Nyumbani tuliishi kwa mawe ya sabuni, yale mawe laini yanayochongwa vinyago. Baba, ambaye sisi watoto tulimwita Tata kama ilivyo desturi kwetu, alinunua mawe machimboni na kuyaleta nyumbani. Wachongaji waliyachonga chini ya kibanda cha mabati, kisha sisi, yaani Mama, kaka yangu Nyakundi na mimi, tukayapiga msasa. Kupiga msasa ni kazi ya maji. Unakaa na karai kati ya magoti, unachovya sahani au kifaru cha jiwe, unasugua, unachovya tena, na baada ya saa moja maji yamekuwa meupe kama maziwa. Jiwe la sabuni likisagika huwa laini kuliko unga wa ngano, na ukilifikicha kati ya vidole huteleza kana kwamba limetiwa mafuta. Mikono yetu ilikuwa myeupe hadi viwikoni, na shuleni watoto wa wakulima walituambia tumetoka kusaga unga wa posho. Vinyago vilivyokauka vilifungwa kwa majani makavu ya migomba, vikapakiwa kwenye pikapu na kupelekwa Kisii mjini, kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi aliyeviuza kwa wageni.

Dereva wa pikapu hiyo aliitwa Ogeto. Alitoka upande wa Nyamira, kwenye mashamba ya majani chai, na alikuwa amekaa kwetu miaka minne. Alikula nasi, na sisi watoto tulimwita baba mdogo ingawa hakuwa wa ukoo wetu. Kabla ya kuwasha gari alifuata mpangilio uleule kila asubuhi: alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta, akakirudisha, akakitazama tena, akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, halafu akatia maji. Pampu ya maji ilikuwa ikivuja kidogo. Ogeto alikuwa amemwambia Tata, na Tata akasema ibadilishwe tukishamaliza oda kubwa ya mwenye duka. Kwa hiyo kila asubuhi rejeta, yaani tangi la maji ya kupozea injini, ilihitaji kuongezwa karibu lita mbili, na kazi ya kuleta maji hayo ilikuwa yangu. Ogeto alitaka maji ya chemchemi tu.

“Kerubo,” aliniambia siku ya kwanza aliponikabidhi mtungi wa manjano, “gari linakunywa kama ng’ombe. Lakini ng’ombe ukimpa maji ya matope anageuza kichwa. Gari haliwezi kugeuza kichwa. Umesikia?”

Nilisikia. Kwa miezi mingi nilifanya kama nilivyoambiwa. Halafu kikaja kiangazi kimoja kirefu. Chemchemi iliyokuwa chini ya shamba letu ikapungua hadi ikawa inatoa uzi mwembamba wa maji, na akina mama wa kijiji kizima wakawa wanapanga mitungi yao pale tangu mchana. Kuteremka na kupanda kulinichukua nusu saa, na kungoja zamu, saa nzima. Saa hiyo mimi niliihitaji. Ogeto alikuwa ameanza kuniletea magazeti ya zamani kutoka mjini, yale ambayo mwenye duka aliyatupa, na mimi niliyasoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniletea kitu cha kusoma. Jioni mwanga ulikuwa mfupi, na kila dakika niliyosimama chemchemini ilikuwa safu moja ya gazeti iliyonipotea.

Asubuhi moja niligundua kwamba karai likiachwa usiku kucha bila kuguswa, jiwe hutulia chini na maji ya juu hubaki safi. Nilichota kwa kikombe nikayainua juani. Niliyaonja. Hayakuwa na ladha yoyote. Basi nikajaza mtungi wa Ogeto kwa maji hayo, nikauweka mahali pake kando ya gurudumu la mbele. Alitia bila kushtuka, kwa sababu mtungi haukuonyesha kilichomo na mdomo wa rejeta ni mwembamba, na alfajiri kwetu ukungu ni mwingi. Kesho yake nikafanya vilevile. Baada ya wiki mbili nilikuwa siendi tena chemchemini kwa ajili ya gari. Na siku nilizochelewa sikutumia hata kikombe. Niliinamisha karai moja kwa moja juu ya mdomo wa mtungi, na nikaona kwa macho yangu ulimi mweupe ukifuata maji safi na kuingia. Nilijiambia ni kidogo. Hili naliandika waziwazi: niliona.

Shida ilianza kwenye mlima wa kuelekea Kisii. Mshale wa joto, ambao kwa kawaida ulikaa katikati, ulianza kupanda kila gari lilipobeba mzigo. Ogeto alisimama, akangoja lipoe, akaendelea. Mara ya pili alilipeleka kwa fundi mmoja mjini, naye akakaza mkanda wa feni. Mara ya tatu fundi huyohuyo akatoa themostati, kizibo kinachodhibiti joto la maji, na kuitupa, kama walivyozoea mafundi wengi wa huku, wakiamini kwamba ni kitu cha nchi za baridi. Hakukuwa na mabadiliko. Kifuniko cha rejeta kikabadilishwa. Gari likachemka tena. Wakati huo Tata alikuwa na jibu lake mwenyewe.

“Unabeba ndizi za watu,” alimwambia Ogeto jioni moja, tukiwa tumekaa kula. “Ukishapita kona unapakia mikungu. Ndiyo maana injini inalemewa.”

“Mzee, fagia pikapu. Ukipata hata ganda moja, nifukuze.”

Tata hakufagia. Lakini alianza kumtazama Ogeto kwa jicho ambalo hakuwa nalo zamani, na sisi wote mezani tulijua kwamba gari likichemka mara moja zaidi, kazi ya Ogeto imekwisha. Mimi nilijua pia. Usiniulize kama nilihusisha mambo hayo mawili, karai na mshale. Nimejiuliza kwa miaka mingi na jibu langu la uaminifu ni kwamba nilikuwa nimeanza kuyahusisha, kisha nikaacha kuyafikiria.

Ndipo ikaja siku ya mvuke langoni. Kesho yake Tata alimwita fundi mwingine, Makori wa Mosocho, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu. Alizunguka pikapu, akapandisha mikono ya shati.

“Nyinyi watu wa majani chai mna shida moja,” alimwambia Ogeto. “Kila kitu kwenu lazima kichemke.”

“Pika maneno yako baadaye,” Ogeto akamjibu. “Tazama gari.”

Nyakundi alicheka. Tata hakucheka. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka hapo, nimekaa na karai langu, na kwa miaka yote ambayo baadaye nimefanya ufundi wa magari sijaona fundi aliyetafuta ugonjwa vizuri kuliko Makori siku ile. Hakukimbilia kufungua kitu. Alijaza maji, akawasha injini kwa dakika chache, ikawa inakohoa. Alishika mpira wa juu unaotoa maji kwenye injini kuyapeleka kwenye rejeta, akaondoa mkono haraka. Kisha akashika mpira wa chini, ule unaorudisha maji kwenye injini, na mkono wake ukatulia pale.

“Shika,” alimwambia Ogeto.

“Baridi.”

“Juu moto, chini baridi. Maji yanaingia na hayatoki. Huyu mgonjwa amevimbiwa.”

Alizima. Gari lilipopoa alifungua kizibo kilicho chini ya rejeta, na halikutoka hata tone. Akachokoa kwa waya. Baada ya muda kikaanza kutoka kitu cheupe, kizito, kinachojivuta kama uji wa mtoto. Akaishusha rejeta nzima, akaibandua kwa moto upande wa chini, na pale ndani vijibomba vyote vilikuwa vimejaa na kuganda. Mafuta ya injini nayo yalikuwa yamebadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa, na hiyo ilimaanisha kwamba gasketi, ile inayotenganisha maji na mafuta, imeungua na maji yamepita. Injini ilikuwa imekufa.

“Nani amepika humu?” Makori akauliza. “Madereva wengine hutia unga kuziba tundu. Ogeto, ni unga wa mahindi au wa wimbi?”

“Mimi sijatia unga.”

Tata akaja, akachukua kidogo kwa kidole, akakifikicha. Alikuwa ameshika jiwe hilo tangu utotoni. “Si unga,” akasema. “Hili ni jiwe letu.”

Wakati huo karai lililokuwa mbele yangu lilikuwa halijatumika tangu jana. Maji ya juu yalikuwa safi kama kioo, na mtu yeyote aliyelitazama angeelewa. Niliingiza mkono hadi kiwiko nikayakoroga hadi yakawa meupe. Nilifanya hivyo kabla hajaniuliza mtu swali lolote. Kwa hiyo siwezi kusema nilishtukizwa.

“Maji ya gari ulikuwa unayatoa wapi?” Tata alimuuliza Ogeto.

“Chemchemini, mzee. Kerubo ndiye huniletea.”

Tata akanigeukia. Hakuwa mkali, aliuliza kama mtu anayekamilisha utaratibu tu. “Maji ya dereva unayatoa wapi?”

“Chemchemini, Tata.”

Hakuuliza mara ya pili. Ogeto alinitazama, na sikuona shaka machoni pake. Alinitazama kama mtu anayemwomba shahidi wake amkumbushe kitu. Halafu akainama, akafikiri, akasema jambo ambalo mtu mwongo asingelisema kamwe.

“Kuna siku moja, mzee. Kule machimboni. Jua lilikuwa kali, mtungi umekwisha, nikachota kwenye shimo la mawe. Mara moja tu.”

“Mara moja,” Tata akarudia.

“Mara moja gani inayojaza rejeta nzima?” Makori akasema, na wachongaji wawili waliokuwa kibandani wakacheka. Lile ndilo lilikuwa swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Lakini lilisemwa kwa dhihaka na likapokewa kwa dhihaka, likapita. Tata alisema tu, “Kusanya vitu vyako,” akaingia ndani. Mama alikuwa amepika mboga ya chinsaga na ugali wa wimbi. Alimwita Ogeto ale kwanza. Ogeto alimshukuru, akasema njia ni ndefu.

Oda ya mwenye duka haikufika. Tulirudi nyuma miaka kadhaa. Nyumbani likazuka neno: mtu akiacha maziwa yakamwagika au lango wazi mbuzi wakaingia shambani, aliambiwa amefanya kiogeto. Tata alilisema, Nyakundi akalisema, Mama akalisema bila chuki yoyote, kama mtu anavyotaja jina la ugonjwa. Mimi pia nimelisema, mara moja, mbele ya watu, ili nisionekane kwamba silisemi.

Sikusoma chuo cha ufundi. Nilijifunza injini kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua vitu vilivyokwisha kufa. Watu wanaokuja kwenye gereji yangu ndogo hudhani nilipenda magari. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta kama kuna njia yoyote ambayo ningeweza kuwa sina hatia. Nilitaka kujua kama shimo moja la machimboni, siku moja, lingeweza kuziba rejeta. Mwishowe nilifanya jaribio. Nilichukua karai, nikasaga jiwe, nikaliacha lilale. Asubuhi nikachota lita mbili za maji ya juu, yale safi, nikayachemsha kwenye sufuria hadi yakakauka. Chini ulibaki utando mwembamba mweupe ambao niliukwangua ukajaza kijiko cha chai. Jioni yake nikarudia kwa kuinamisha karai kama nilivyokuwa nikifanya nikichelewa, na safari hii nilijaza vijiko vitano vya mezani. Maji yalikuwa yakivuja na kugeuka mvuke. Jiwe lilikuwa likibaki. Nikahesabu wiki sita. Nikahesabu pia mtungi mmoja wa shimoni. Baada ya hapo sikuwa na pa kujificha, na bado nilikaa miaka mingine tisa.

Mwaka huu nilikwenda Nyamira. Ogeto ni mzee sasa, mwembamba, nilimkuta akirudi na kikapu cha majani chai mgongoni. Alinitambua kwa sauti. Mkewe alitandika kitambaa mezani, tukapewa chai, na nikaanza kusema kabla sijainywa. Nilimweleza yote kwa mpangilio: kiangazi, magazeti, karai, kukoroga, jaribio la sufuria. Alinisikiliza kama fundi anavyomsikiliza mwenye gari.

“Siku ngapi?” aliuliza.

“Wiki sita, baba mdogo.”

“Kila siku?”

“Karibu kila siku.”

Alihesabu kwa vidole, midomo ikitikisika. “Basi lile shimo halikufanya kitu.”

“Halikufanya kitu.”

Mkewe aliweka birika chini. “Huyu alipewa lori la kubeba majani chai aendeshe,” aliniambia. “Akakataa. Akasema mkono wake unaua injini. Nikamwambia, we mwanamume, tuna watoto. Akasema hapana, mimi nilichota maji shimoni, najijua.”

“Nyamaza, mama,” Ogeto akasema taratibu.

“Nimenyamaza tangu watoto wetu hawajaota meno. Wacha niseme.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha pia. Sikupata hata kimoja. Aliniuliza, “Siku ile uani tulikuwa wangapi?”

Nikataja: Tata, Mama, Nyakundi, Makori, wachongaji wawili, yeye na mimi.

“Ulidanganya mbele ya hao wote. Mimi peke yangu sitoshi. Kawaambie waliosikia.”

“Tata alifariki, baba mdogo. Makori pia. Wachongaji sijui walikokwenda.”

“Waliobaki, basi,” akasema, akanisogezea chai.

Nyakundi nilimpigia simu. Alisema alikuwa na mkutano, na hajanipigia tena. Mama nilimwambia ana kwa ana, siku ya Ijumaa, akichambua mboga ya Sabato. Aliendelea kuchambua hadi rundo likaisha. “Ulikuwa mtoto,” akasema mwishowe. Ni neno la huruma, na nimelikataa. Mtoto alidanganya asubuhi moja. Baada ya hapo nilikua, nikajifunza kupima kila kitu hadi kijiko cha chai, nikajua kwa uhakika kosa lilikuwa la nani, na aliyenyamaza miaka yote hiyo hakuwa mtoto.

Leo kwetu maji yako bombani. Rejeta hutiwa maji ya rangi, mekundu au ya kijani, yanayouzwa kwenye chupa, na gari huwasha taa yenyewe kabla halijaungua. Ni vigumu zaidi kwa msichana wa miaka kumi na mmoja kuua injini. Lakini neno lile halijafa. Watoto wa Nyakundi, ambao hawajawahi kumwona Ogeto wala pikapu yoyote ya babu yao, wanalo. Kesho yake baada ya kumwambia Mama, Jumamosi ya Sabato, tukiwa mezani kwa Mama baada ya ibada, mdogo wao aliacha bomba la jikoni wazi na sakafu ikajaa maji, na dada yake akapaza sauti, “Umefanya kiogeto!”

Mama aliweka kijiko chini. “Ogeto hakukosa kitu,” alisema. “Aliyekosa ni huyu.” Akanionyesha kwa kidevu.

Watoto watano walinigeukia kwa pamoja, midomo ikiwa na chakula. Mkubwa wao akauliza, “Shangazi, ulifanya nini?”

Nilifuta mikono nikawaambia.